Kilicho Nje ya Seli: Watafiti Chipukizi na Sayansi ya Tishu Unganishi



Desturi ya mhadhara huu ni kwamba profesa mpya aeleze somo lake na safari yake. Somo nitalieleza. Safari naomba niiweke kando, kwa kuwa jioni hii nataka kuwasemea wanaokaa viti vya nyuma: wanafunzi wa uzamivu, waliohitimu juzi, na wahadhiri wasaidizi wanaohesabu miezi iliyobaki kwenye mkataba. Katika taaluma yangu hao ndio waliovumbua mengi makubwa, na hao ndio tunaowapa muda mfupi kuliko wote.

Tunapofundisha baiolojia tunaanza na seli, na mara nyingi tunaishia hapohapo. Lakini kano, gegedu, ugumu wa mfupa na uimara wa ngozi vyote vinatokana na kitu kilicho nje ya seli. Seli hutengeneza protini na minyororo mirefu ya sukari, huvitoa nje, navyo hujisuka kuwa kiunzi tunachokiita matriksi. Protini iliyo nyingi zaidi humo ni kolajeni. Peke yake inakaribia theluthi moja ya protini zote za mwili, na aina zake 28 zimekwisha kutambuliwa. Kiseyeye kilichowamaliza mabaharia wa zamani ni ugonjwa wa kolajeni: vitamini C ikikosekana, nyuzi zake hazikazi, fizi huvuja damu, na hata makovu yaliyopona zamani hufumuka. Pamoja na hayo yote, kwa miongo mingi matriksi ilichukuliwa kama kifusi kinachojazwa chini ya sakafu: lazima kiwepo, lakini hakuna anayekiuliza swali.

Walioanza kukiuliza maswali walikuwa vijana. Richard Hynes alizaliwa Nairobi mwaka 1944, akakulia Liverpool. Mwaka 1973, akiwa London, hajatimiza miaka 30 na uzamivu wake ukiwa na miaka miwili tu, alitia alama ya iodini yenye mnururisho kwenye protini za juu ya seli. Kisha akalinganisha seli za kawaida na zile zilizogeuzwa na virusi kuwa za saratani. Protini moja kubwa ilionekana kwenye seli za kawaida, ikatoweka kwenye zile nyingine. Leo inaitwa faibronektini, na maabara nyingine nazo zilikuwa zikiifikia wakati uleule. Swali lililofuata lilikuwa seli huishikaje. Jibu lake ni integrini, protini zinazopenya utando wa seli na kuunganisha kiunzi cha nje na kile cha ndani. Jina hilo zilipewa mwaka 1986. Mwaka 2022 Hynes, Erkki Ruoslahti na Timothy Springer walipata tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Kati ya jaribio la kijana yule na tuzo yake ilipita karibu nusu karne.

Kisa kinachonigusa zaidi kinatoka Madras, India. G. N. Ramachandran alikabidhiwa idara ya fizikia ya chuo kikuu cha huko mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka kama 30. Mtaalamu wa fuwele J. D. Bernal alipopita pale, alimweleza kwamba miundo ya kolajeni iliyokwisha kuchapishwa haikumridhisha. Mmojawapo ulikuwa wa Linus Pauling, na ulikuwa na makosa. Fikirieni uzito wa jambo hilo kwa idara changa, mbali na Cambridge na California. Ramachandran na mwenzake, Gopinath Kartha, hawakusubiri kualikwa. Kupitia taasisi jirani ya utafiti wa ngozi walipata kano ya mkia wa kangaruu, wakaipiga picha za eksirei, wakatafakari jambo ambalo wanakemia walilijua tayari: karibu theluthi ya amino asidi za kolajeni ni glaisini, iliyo ndogo kuliko zote. Mwaka 1954 walichapisha katika jarida la Nature muundo wa minyororo mitatu iliyo pamoja, na mwaka 1955 wakaurekebisha, minyororo hiyo ikawa imesokotana. Katikati ya msokoto nafasi ni finyu kiasi kwamba glaisini pekee ndiyo inayoenea, kila baada ya amino asidi mbili. Ndiyo maana kosa dogo la kijeni linaloweka amino asidi nyingine mahali pa glaisini moja huweza kumzaa mtoto ambaye mifupa yake huvunjika kwa kubebwa tu.

Sasa niseme juu ya muda. Mwaka 2013 watafiti wa Copenhagen walipima ndani ya kano za Akilisi kaboni iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Walikuta kiini cha kano hujengwa hadi kama umri wa miaka 17, kisha hakibadilishwi tena kwa kiasi kinachopimika. Kolajeni ya gegedu nayo inakadiriwa kuhitaji zaidi ya miaka 100 ili nusu yake ibadilishwe. Hii ndiyo mada tunayompa kijana mwenye mkataba wa miaka miwili. Kuna maswali yanayotoshea katika muda mfupi, sikatai. Adam Engler alikuwa bado kwenye uzamivu pale Pennsylvania alipoonyesha, mwaka 2006, kwamba seli shina zikikaa juu ya jeli laini kama ubongo huelekea kuwa za neva, na juu ya jeli ngumu zaidi huelekea kuwa za mfupa. Lakini kovu la kolajeni linalokua ndani ya kiungo haliwezi kuharakishwa ili liwahi ripoti ya mfadhili.

Na makovu ya aina hiyo tunayo hapa kwetu. Kando ya Ziwa Viktoria, mayai ya minyoo ya kichocho hukwama kwenye ini, mwili huyazungushia kolajeni, mshipa mkuu unaoingia ini hubanwa, na miaka mingi baadaye mtu hutapika damu. Dawa huua minyoo, lakini kovu lililokomaa halifuati minyoo. Mwaka 1948, J. N. P. Davies wa Kampala alieleza ugonjwa ambao tishu ya kovu hutanda ndani ya vyumba vya moyo hadi vikapungua, na tumbo likajaa maji. Wengi wa wagonjwa ni watoto na vijana wa familia maskini. Chanzo chake hakijathibitishwa hadi leo. Wamelaumiwa minyoo, muhogo, lishe duni na madini ya udongoni.

Mwaka 2008 Ana Olga Mocumbi wa Msumbiji na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mioyo ya watu 1,063 wa Inharrime, nchini humo, kwa kipimo cha eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na ugonjwa huo aliouleza Davies, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ombi langu ni hili. Mtafiti chipukizi apewe miaka mitano, na swali lililo lake mwenyewe. Sampuli ikisafiri ng'ambo, aliyeikusanya asafiri nayo, na jina lake litangulie pale kazi ilipokuwa yake.

Nanyi wanafunzi mlioketi hadi kwenye ngazi, swali mojawapo ni hili: katika watoto wawili wa kijiji kimoja, wote wakiwa na kovu changa moyoni, ni nini kinachoziamuru seli za mmoja ziache kutengeneza kolajeni, na za mwingine ziendelee?