Mgonjwa Ana Jina



Injili ya Dominika ya leo yatuonyesha Bartimayo, kipofu wa Yeriko (Mk 10:46-52). Umati ulimkemea ili anyamaze. Yesu alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Swali hilo ni shule kwa kila amwuguzaye mgonjwa.

Moyo wa mwanadamu, ukitishwa na maumivu, hujijengea ngome. Sigmund Freud alianza kuzieleza kinga hizo za nafsi, na binti yake Anna akazipanga katika kitabu alichokitoa mwaka 1936. Mtu huzitumia pasipo kukusudia. Mgonjwa aliyeambiwa ana saratani husema, "Ni vidonda vya tumbo tu." Mwingine humfokea muuguzi kwa sababu ya chai iliyopoa, kumbe kinachomuuma ni mguu aliokatwa. Yule si mwongo, wala huyu si mkorofi. Wote wawili wanaogopa.

Tufanyeje basi? Tusiibomoe ngome hiyo kwa ghafla, maana kwa sasa ndiyo inayomsitiri; wala tusiiongezee mawe kwa uongo wetu. Tuketi naye. Tumwulize ajua nini, na ataka kujua nini. Tumjibu ukweli kwa kadiri awezavyo kuupokea. Lakini ikimfanya akatae dawa, hapo twapaswa kusema waziwazi, kwa upole.

Ndugu zangu, muuguzi naye ana ngome yake. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake juu ya wauguzi wa hospitali moja ya London. Ili wasichomwe na mateso waliyoyaona kila siku, walimtaja mgonjwa kwa namba ya kitanda, au kwa kiungo kinachougua. Hata hivyo hofu yao haikuondoka, ilifichwa tu. Je, nasi hatujapata kusikia, "Yule wa kitanda cha sita"? Tusiwahukumu. Aliyemfunika marehemu asubuhi, na mchana akampokea mgonjwa mwingine kitandani pale pale, ahitaji mtu wa kumweleza uchungu wake: mwenzake, msimamizi wake, padre wake. Asiyepata pa kulia hugeuka jiwe.

Basi, katekista, uendapo wodini juma hili, anza kwa kumwita mgonjwa jina lake. Na kabla hujatoka, mwulize muuguzi naye yu hali gani, kisha ungoje jibu.

Kristo, Tabibu wa roho na mwili, asimame kando ya kila kitanda. Amina.