Asparaga Kwenye Tuta la Kuinuliwa

Leo tuko bustanini na asparaga, mboga ambayo ukiipanda mara moja yaweza kukaa ardhini miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo tuta lake lijenge kwa moyo. Mbao ziinuke kama sentimita 40, na chini usitandike nailoni wala zege: mizizi hushuka mbali, na huoza maji yakituama. Jaza udongo tifutifu uliochanganywa na samadi iliyoiva.

Chimba mfereji wa kina cha sentimita 15. Weka miche sentimita 40 kutoka mmoja hadi mwingine, tandaza mizizi pande zote kama mikono ya pweza, kisha funika kwa sentimita 5 tu za udongo. Mfereji utaujaza kidogo kidogo, kadiri machipukizi yanavyopanda.

Mwaka wa kwanza usivune hata chipukizi moja. Najua inauma, lakini majani membamba yanayokua kutoka kwenye machipukizi hayo ndiyo yanayolisha mizizi.

Katika nchi za baridi mmea huu hulala msimu wa kipupwe. Kwetu kwenye joto haulali. Wakulima wa Taiwan na Thailand huacha mabua matatu hadi matano kwenye kila shina yakomae, yawe mama, kisha huchuma machipukizi mapya yanayotokeza. Njia hiyo inatufaa. Kata chipukizi likifika sentimita 20, ncha ikiwa bado imefumba. Na vikitokea vitunda vyekundu, watoto wasivile, vina sumu.