Mgonjwa Haponi kwa Dawa Pekee: Funzo la Wajir kwa Wapenda Mageuzi

Hotuba kwa mkutano wa waumini na wanaharakati

 

Nimeombwa nizungumze juu ya huduma kwa wagonjwa wanyonge katika eneo hili la Kaskazini Mashariki. Najua wapo watakaouliza: mambo ya hospitali na mapambano ya mageuzi yanahusiana vipi? Nitajibu kwa kisa kilichotukia Wajir, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa Garissa, ambacho Wakenya wengi hawakufundishwa shuleni.

Mwaka 1969 alifika Kenya mwanamke Mtaliano, Annalena Tonelli. Hakuwa mtawa wala daktari. Alikuwa Mkatoliki wa kawaida aliyesomea sheria, akaja kuwa mwalimu. Akafanya makao Wajir, miongoni mwa Wasomali Waislamu. Huko aliwakuta watu ambao hakuna aliyewahesabu: watoto waliopooza, vipofu, na zaidi ya wote wagonjwa wa kifua kikuu.

Siku zile tiba ya kifua kikuu ilidumu mwaka mmoja au zaidi. Mfugaji angewezaje kulala wodini mwaka mzima, hali ngamia wake wanafuata mvua na watoto wake wanafuata ngamia? Alimeza dawa kwa majuma machache, akapata nafuu, akaondoka. Ugonjwa ulirudi ukiwa mkali kuliko kwanza, na jamaa zake wakaambukizwa. Ilikuwa rahisi kusema kwamba mhamaji ni mkaidi na hatibiki.

Tonelli alikataa neno hilo. Mwaka 1976 ulianzishwa Wajir mpango wa majaribio uliokuja kujulikana kama manyata ya kifua kikuu. Mgonjwa alikaa katika kibanda kama kile cha nyumbani, na jamaa zake wakiwa karibu. Kila siku alimeza dawa mbele ya mhudumu, kwa muda mfupi zaidi kuliko ule wa zamani, hata akapona. Baadaye utaratibu huo wa kumeza dawa mbele ya mhudumu ulikubaliwa na Shirika la Afya Duniani na kutumika katika nchi nyingi.

Ndugu zangu, lifikirini jambo hili. Mhamaji hakubadilika. Kilichobadilika ni huduma: iliacha kumngoja mgonjwa aifuate, ikaenda kukaa naye. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji alipona kwa sababu mgeni alikubali kuishi kama mwenyeji, na kwa sababu Wajir wenyewe walimpokea Mkristo huyu wakamwamini.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili. Mwezi Februari 1984 majeshi ya usalama yaliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa, bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ya siku zile ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema idadi hiyo ilikuwa ndogo mno na kwamba waliouawa walikaribia 1,000. Tonelli na wenzake waliwatafuta majeruhi, wakawazika wafu, wakasaidia habari zifike nje ya nchi. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya. Aliendeleza kazi ile ile Somalia, akatunukiwa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 2003, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi na kufa huko Borama.

Hapo ndipo hospitali na mageuzi vinapokutana. Mkono mmoja ulikuwa ukimponya mhamaji mapafu, na mkono mwingine, wenye bunduki ya serikali, ukimwua. Aliyewahudumia wagonjwa akaonekana adui kwa sababu alikataa kufumba macho. Huduma isiyo na haki ni kitambaa kinachofungwa juu ya jeraha ambalo bado linakatwa.

Jeraha hilo lilikatwa kwa sheria na kwa bajeti. Kaskazini Mashariki ilitawaliwa chini ya hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi mwaka 1991, mwaka ule ule Kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikarudi. Nao Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba na mvua. Nchi kavu iliachiwa misheni na wahisani.

Leo tuna Katiba ya 2010. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti. Hatuwezi tena kulaumu Nairobi peke yake.

Wala tusijidanganye kwamba kazi ni nyepesi. Tarehe 1 Julai 2012 waumini waliuawa wakiwa kanisani hapa Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu. Mwezi Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Cuba walitekwa nyara Mandera wakienda kazini. Kila shambulio liliwaogopesha wauguzi na walimu waliotoka mbali. Na mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake, tulikumbushwa kwamba dawa inayotegemea huruma ya mgeni inaweza kukoma kwa sahihi moja.

Tufanye nini basi? Nina mambo matatu.

La kwanza, tuisome bajeti ya kaunti. Mikutano ya kukusanya maoni ya umma si ya wanasiasa peke yao. Tuulize kwa hesabu: dawa za kifua kikuu zinafika zahanati zipi, na gari la wagonjwa linapata mafuta siku ngapi kwa mwezi? Asiyejibu leo, tumkumbuke siku ya kura.

La pili, tuwatetee wahudumu wa afya ya jamii. Wao ndio manyata ya leo. Ni watoto wa hapa hapa, wanajua lugha na visima, na hawatakimbia kwa sababu hawana kwingine. Walipwe kwa wakati, wapewe vifaa, na utaratibu wa kuifuata familia inapohama.

La tatu, kanisa na msikiti washirikiane kando ya kitanda cha mgonjwa. Baada ya mauaji ya mwaka 2012, viongozi wa Kiislamu walisema vijana wao watayalinda makanisa. Deni hilo hulipwa kwa matendo. Kila jumuiya ndogo ndogo imtafute jirani mmoja anayemeza dawa za muda mrefu, bila kuuliza dini wala ukoo, imtembelee, impelekee maziwa, imtazame akimeza. Na akinyimwa haki yake, isimame naye ofisini.

Wagalla ilitufundisha kwamba anayemhudumia mgonjwa hana ruhusa ya kunyamaza. Wajir ilitufundisha kwamba hakuna mgonjwa asiyetibika kwa kuwa tu yuko mbali. Tukiyashika yote mawili, vyama vingi havitakuwa majina mengi kwenye karatasi ya kura. Vitakuwa uhai kwa mnyonge wa mwisho.