Taka Hizi Zinakwenda Wapi?

(Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.)

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, ukipita katika mitaa mingi ya miji yetu utawakuta watu wakifanya kazi isiyo na mshahara. Akina mama wamejifunga khanga kiunoni, vijana wamekunja suruali hadi magotini, na mzee mmoja au wawili wamekaa pembeni wakinoa makwanja. Wana mafagio ya chelewa, machepe, reki, na toroli moja ambalo gurudumu lake linalia. Wanafagia, wanazibua mitaro, wanafyeka nyasi na kumwagilia miti. Ikifika saa nne wananawa, na kila mmoja anakwenda kwenye shughuli zake. Hakuna posho, hakuna bahasha, hata soda hakuna.

Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo. Nitawasifu, maana wanastahili. Lakini sifa haizoi taka. Kwa hiyo, baada ya kuwasifu, nitauliza swali moja ambalo kwa muda mrefu tumelikwepa: lile rundo linalobaki kando ya barabara baada ya watu hawa kuondoka, linakwenda wapi?

Nianze na mtaani kwetu. Kikundi cha usafi cha hapo kilizaliwa na hofu. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Wagonjwa walipita 20,000, na mamia ya wenzetu walipoteza maisha. Mwaka huo huo, sherehe za Uhuru za Desemba 9 zilifutwa, na Rais wa wakati huo, Dk. John Magufuli, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima. Yeye mwenyewe alionekana akizoa taka kwa mikono yake karibu na soko la samaki la Feri. Baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatangazwa kuwa siku ya usafi.

Ni kweli kwamba penye agizo la serikali si kila anayeshika fagio huwa amejitolea. Wapo walioshika fagio kwa sababu duka lisingefunguliwa kabla ya saa nne. Wapo waliofagia mbele ya mlango tu mpaka mtendaji alipopita. Lakini mtaani kwetu, agizo lilipopoa na watendaji wakaacha kupita, walibaki watu wapatao thelathini ambao waliendelea. Kulikuwa na mama lishe, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu, vijana wa bodaboda na wanafunzi. Hao sasa ndio waliojitolea. Tofauti ya agizo na hiari huonekana siku ambayo hakuna anayekukagua.

Ilikuwepo kona moja karibu na shule, ambayo kila mtu aliijua kwa harufu kabla ya kuiona. Kikundi kiliisafisha kona hiyo mara nne, na kila mara ilipofika Jumatatu taka zilikuwa zimerudi. Mara ya tano wakabadili mbinu. Walizoa, wakachimbua, wakapanda mikungu na miarobaini, wakafukia matairi chakavu nusu na kuyapaka chokaa, ndani yake wakapanda maua. Miche ikazungushiwa fito ili mbuzi wasiile. Fundi seremala akatoa mabaki ya mbao, ukapatikana mfano wa benchi. Tangu hapo kona ile haikurudi kuwa jalala.

Nawaomba wale wanaodhani kwamba maua ni anasa ya matajiri walifikirie jambo hili. Mtu anayetoka usiku na kiroba cha taka begani hutafuta mahali palipokwisha kuchafuka. Akipakuta pamechafuka, hujiambia kwamba yeye hakuanza. Lakini akikuta mche uliomwagiliwa jioni ile ile na tairi lililopakwa chokaa, mkono unasita, kwa sababu ameona kwamba mahali hapo pana mwenyewe. Ua lile linafanya kazi ya mlinzi, na halidai mshahara.

Basi, sifa nimekwisha zitoa. Sasa nirudi kwenye swali langu.

Kila mwezi kikundi kilizibua mtaro mkubwa unaopita katikati ya mtaa. Tope, chupa za plastiki, matambara na mifuko vilitolewa na kuwekwa ukingoni, kwa matumaini kwamba gari litakuja kuvizoa. Jumatatu gari halikuja. Jumatano halikuja. Kuku wakachakura, watoto wakachezea, tope likakauka likawa vumbi la kuingia majumbani. Wiki ya pili mvua ikanyesha, na kila kilichotolewa kikarudi mtaroni, kipande baada ya kipande, kana kwamba hakuna aliyeinama kukitoa. Mwezi uliofuata watu wale wale wakaingia katika mtaro ule ule kutoa taka zile zile.

Wahenga waliita hivyo kutwanga maji kwenye kinu.

Kutoka watu thelathini, kikundi kikabaki na kumi na wawili. Wapo waliosema watu wamechoka, eti Mswahili moto wake ni wa mabua. Mimi nasema hapana. Watu hawa wanaamka alfajiri kila siku kutafuta riziki, kazi hawaiogopi. Kinachomvunja moyo mtu anayejitolea ni kuona jasho lake halikuhesabiwa na yule aliyepaswa kulipokea.

Mwezi uliopita wale kumi na wawili walifanya kikao. Waliamua jambo ambalo limezua maneno mengi mtaani: hawataingia mtaroni tena mpaka siku ya gari la taka ijulikane. Waliandika barua, wakaipeleka ofisi inayohusika, na nakala yao ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Mle waliomba gari moja, safari moja, siku ile ile ya kazi kabla jua halijazama. Bustani wanaendelea kuimwagilia, bali mtaro wameuacha kwanza.

Kuna wanaowaita wakaidi. Mtu anayejitolea, wanasema, hawekei kazi yake masharti. Kujitolea ni kutoa bila kudai.

Ndugu msikilizaji, mimi siafiki. Aliyejitolea ametoa mikono yake na muda wake. Hakusema kwamba anachukua na kazi ya halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Tena kaya nyingi hutozwa ada ya taka. Mwananchi anayelipa ada, kisha akazoa taka mwenyewe, kisha akaomba gari lije kuzipakia, hajaweka sharti lolote. Anakumbusha tu kwamba mzigo huu una ncha mbili, naye ameinua ya kwake.

Tena wananchi kuuliza taka zinakwenda wapi si jambo geni nchini kwetu. Vijana wengi hawaijui habari hii, kwa hiyo nitaieleza kidogo.

Zamani taka za Jiji la Dar es Salaam zilikuwa zikimwagwa Tabata. Moshi, nzi na uvundo vikawazidi wakazi wa hapo. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Halmashauri ya Jiji. Mahakama ikaamuru Jiji liache kumwaga taka Tabata na litafute mahali pasipo na madhara kwa watu. Utekelezaji ulisuasua, lakini mwaka 1991 Mahakama ilikataa kuliongezea Jiji muda. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, mwaka huo huo, wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Itazame safari hiyo. Kila palipofungwa, palifunguliwa pengine, na kila pengine palikuwa na majirani. Taka haifi kwa kufagiwa. Ukiitoa mlangoni kwako bila kujua iendako, umempelekea mtu mwingine. Ukiitoa mtaroni na kuiacha ukingoni, umemkopesha mvua, naye hulipa kwa wakati anaoujua mwenyewe. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40. Mvua ile ilikuwa kubwa mno, na sisemi kwamba iliitwa na mtaro ulioziba. Lakini maji yanayokosa njia mtaroni huitafuta sebuleni.

Kwa hiyo naona kikundi cha mtaani kwetu, kwa kuweka chepe chini na kushika kalamu, hakikuacha kujitolea. Kinaendelea kujitolea kwa namna iliyo ngumu zaidi. Kufagia kunampendeza kila mtu. Kuuliza kunawaudhi baadhi ya watu, na asiyekuwa na mshahara hana sababu ya kujitafutia maudhi isipokuwa anaupenda mtaa wake.

Lakini nisije nikaonekana kuielemea serikali peke yake. Sisi wakazi tuna letu. Tunawajua wanaosubiri mvua ianze kunyesha ndipo wamwage taka mtaroni zisombwe. Wapo wanaokaa barazani Jumamosi nzima wakiwatazama wenzao, tena wakiwaelekeza kwa kidole, "Pale bado!" Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na barabara zilipata nafuu kubwa. Hata hivyo chupa za maji na vifungashio bado vinaziba mitaro, na havikutembea kwa miguu yao kutoka dukani. Kujitolea kwa watu kumi na wawili hakuwezi kushindana na uzembe wa mia mbili.

Nini basi kifanyike? Nitasema machache niliyoyaona yakifaa, na yote hayahitaji mfadhili.

La kwanza, gari lijulikane kabla ya fagio. Tarehe ya usafi ipangwe pamoja na tarehe ya kuzoa, na iandikwe. Mwenyekiti wa mtaa abandike karatasi hiyo ukutani, kila mtu aisome.

La pili, rundo lipunguzwe pale pale. Chupa za plastiki na vyuma wapewe vijana wanaokusanya na kuuza kwa kilo. Majani na maganda yatupwe shimoni yawe mboji ya bustani. Mchanga safi wa mtaro, ukishachambuliwa na kukauka, unaziba mashimo ya barabara. Kinachobaki kwa gari huwa kidogo, na ofisi haina tena kisingizio kwamba mzigo ni mkubwa.

La tatu, baada ya kazi watu wakae wazungumze. Majirani zetu wa Rwanda wana Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwao ni jambo la kisheria, na asiyekwenda bila udhuru anaweza kutozwa faini. Kwa hiyo si hiari kama hii ninayoisifu. Lakini wana desturi ya kukaa kikao baada ya kazi na kujadili mambo ya eneo lao. Hilo tunaweza kuliiga bila faini. Robo saa chini ya mwembe, mikono ikiwa bado na tope, inatosha kuuliza nani alete nini mwezi ujao, na ofisi ijibu nini.

La nne nawaambia viongozi wanaopenda kuja asubuhi na glavu mpya, wakafagia hatua tatu mbele ya wapiga picha. Karibuni sana. Ila safari nyingine, acheni fagio nyumbani, mje na gari. Mafagio tunayo.

Jumamosi ijayo ndiyo tarehe iliyoandikwa katika ile barua. Wale kumi na wawili wameniambia kwamba gari likija, nao wataingia mtaroni, na wengine waliokuwa wamekata tamaa wameahidi kurudi kutazama kama ni kweli. Sijui kama anayesoma barua za ofisi ile hunisikiliza muda huu. Kama ananisikiliza, basi ajue kwamba anachoombwa ni safari moja ya gari. Lakini watakaokuwa wamesimama barabarani kulisubiri watakuwa wanapima jambo jingine: kama katika mji huu inafaa tena mtu kuinama kuokota taka asiyoitupa yeye.