Mgeni na Nyumba ya Mawe: Kuchagua Hoteli katika Mji Mkongwe wa Zanzibar



Mtu anayetafuta pa kulala Mji Mkongwe wa Zanzibar huuliza kwanza bei, kisha umbali kutoka baharini, kisha kama chumba kina kiyoyozi. Ni maswali halali, lakini yanaliacha kando lililo kubwa kuliko yote: nyumba yenyewe inatunzwaje? Mada hii ina hoja moja. Katika mji uliojengwa kwa mawe na chokaa, fedha inayolipiwa chumba ndiyo inayoamua nyumba ipi itengenezwe, itengenezwe vipi, na ipi iachwe ianguke. Kwa hiyo anayechagua hoteli, awe msafiri mmoja au ofisi inayoleta washiriki sitini, anaingia katika kazi ya hifadhi, apende asipende. Nitajaribu kuonyesha pia kwamba nyumba iliyotunzwa kwa desturi yake ndiyo inayompumzisha mgeni vizuri zaidi, hivyo maslahi yake na ya mji hayagombani kama wengi wanavyodhani.

1. Nyumba ya mawe na fedha ya mgeni

Tuanze na haki ya hoteli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa Serikali na kugawiwa familia kadhaa kwa kodi ndogo. Nyingine zilikuwa za wakfu, nazo kodi zake hazikutosha hata kununulia chokaa. Kufikia miaka ya 1980 majumba yalikuwa yakibomoka, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Uchumi ulipofunguliwa katika miaka hiyohiyo, fedha ya utalii ilikuja na jambo ambalo kodi haikuweza kulileta: sababu ya kumfanya mwenye nyumba aite fundi. Jengo la zamani la mawasiliano pale Shangani lilifufuliwa likawa hoteli katika miaka ya 1990, na jumba la Hurumzi linalonasibishwa na mfanyabiashara Tharia Topan nalo likapata uhai mpya kwa njia hiyohiyo. Mji ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, sehemu ya urithi huo ilikuwa imesimama kwa sababu kulikuwa na wageni waliolipa kulala ndani yake.

Lakini fedha hiyohiyo inaweza kubomoa. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu za ghorofa zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti haipatikani kwa urefu wowote autakao mjenzi, ndiyo maana vyumba vingi vina upana wa takriban mita tatu tu. Kuta nene hunyonya unyevu na kuutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Saruji inapopigwa juu yake, unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya, lipu hubabuka, na ukuta huchakaa kwa ndani huku kwa nje ukipendeza. Wahenga walituhimiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Mji Mkongwe unatufundisha kuuliza pia ufa huo unazibwa kwa kitu gani.

Tatizo la pili ni maji. Nyumba iliyojengwa iwe na vyoo vichache kwa ukoo mzima ikigeuzwa hoteli, kila chumba hudai bafu lake. Mabomba hupandishwa hadi ghorofa ya tatu na matangi huwekwa juu ya paa. Bomba likivuja kidogo tu, ncha ya boriti iliyozama ukutani huloa, huoza na kukaribisha mchwa, wala hakuna anayeona mpaka sakafu ilegee. Juu ya hayo huongezwa mgahawa wa paani, na jiko lake na meza zake na watu wake, mzigo ambao mjenzi wa karne ya 19 hakuuweka katika hesabu. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, kuliua watu wawili. Jengo hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, halikuwa hoteli. Ila lilikuwa maarufu kuliko yote mjini, na umaarufu haukuliokoa. Dari hubebwa na matunzo ya kila mwaka, si na jina la jumba.

2. Starehe imo ndani ya matunzo

Huenda mtu akasema kwamba mgeni hakuja kukagua boriti, amekuja kupumzika. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Umeme wa Unguja huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha kikakosa umeme tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Katika nyakati hizo tofauti kati ya hoteli na hoteli haikuwa idadi ya nyota. Nyumba iliyobaki na ua wake wazi katikati, dari ya juu, kuta nene na madirisha yanayotazamana iliendelea kupitisha hewa, kwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya upepo wa kaskazi na wa kusi. Nyumba ambayo ua wake umeezekwa ili kupata ukumbi wa mapokezi, na madirisha yake kuzibwa ili kiyoyozi kisipoteze baridi, haina cha kumpa mgeni jenereta inapozimika.

Mtaa nao una neno lake. Malindi humfaa anayewahi boti ya asubuhi, kwa kuwa bandari iko jirani. Shangani na Forodhani hukaa karibu na bahari, na pia karibu na makelele ya usiku. Kiponda na Mkunazini zimo ndani ya vichochoro ambamo gari haliingii. Mizigo hubebwa kwa mkono, na adhana ya alfajiri husikika chumbani. Mgeni akiambiwa hayo mapema huyapokea kama sehemu ya mji. Akifichwa, huyapokea kama kasoro, kisha hudai mji ubadilishwe umfuate yeye.

3. Pingamizi

Pingamizi la kwanza linasema hifadhi ni kazi ya sheria, si ya mteja. Sheria ipo tangu 1994, na ni ya lazima. Lakini sheria husema kipi kisifanywe. Haimtii mwekezaji hamu ya kufanya vizuri, na mbele ya mtaji mkubwa mara nyingine hupwaya. Mradi wa hoteli pale Mambo Msiige, Shangani, ulikamilika ingawa Kamati ya Urithi wa Dunia ilikuwa imeonyesha wasiwasi juu ya ukubwa wake. Soko likiendelea kulipa jengo kubwa kuliko linavyolipa jengo lililotunzwa, mkaguzi wa Mamlaka atabaki akishindana na hesabu za benki peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hata hoteli inayotunza boriti zake inaweza kuwahamisha watu. Mji wa kale wa Venice ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, huku majengo yao yakiwa bado yanapigwa picha. Barcelona imetangaza kutohuisha leseni za nyumba zinazokodishwa kwa watalii kufikia mwishoni mwa 2028. Nalikubali pingamizi hili, na silijibu kwa kusema hoteli zote ziondoke, kwa kuwa nyumba nyingi za Mji Mkongwe zisingerudi kwa familia. Zingerudi kuwa magofu. Jibu ni kuongeza kipimo. Hoteli nzuri ni ile iliyochukua jumba lililokwisha kuachwa au jengo la ofisi, inayoajiri vijana wa mitaa ya jirani na ya Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, inayonunua samaki na mboga Darajani, na ambayo kwenye baraza yake ya nje majirani bado hukaa jioni bila kufukuzwa.

La tatu ni la haki: ngazi za nyumba hizi ni za mwinuko mkali, na mzee au mtu mwenye ulemavu huteseka. Hapa hifadhi isitumiwe kama kisingizio. Hoteli itenge vyumba vya chini vinavyozunguka ua, na iseme wazi kama haina, ili mgeni huyo achague jengo jingine bila kudanganyika.

4. Mapendekezo

Inabaki kuulizwa mgeni ataijuaje hoteli ya namna hiyo, ikiwa hana elimu ya fundi. Hahitaji elimu hiyo. Macho yanatosha kuona lipu iliyobabuka na unga mweupe wa chumvi chini ya ukuta, mabafu yaliyopangwa moja juu ya jingine au yaliyotawanywa ovyo, na ua ulio wazi au uliozibwa. Yanayobaki huulizwa. Papasi anayemchukua mgeni bandarini hawezi kuyajibu, kwa kuwa hulipwa kwa kufikisha mtu, lakini meneja anaweza. Naziambia hasa wizara, mashirika na vyuo vyetu, maana mgeni mmoja husikilizwa kwa adabu, ilhali taasisi inayoweka vyumba thelathini kwa siku nne hubadilisha mipango ya mwaka. Semina ijayo itakapoandaliwa, barua ya kuomba bei iwe na maswali matatu zaidi: kuta zenu hutengenezwa kwa chokaa au kwa saruji, tena na fundi gani? Maji ya mabafuni hupita wapi, na mara ya mwisho boriti zilikaguliwa lini? Nyumba hii ilikuwa ya nani au ya nini kabla ya kuwa hoteli, na wangapi wa mtaa huu wanafanya kazi ndani yake? Hoteli itakayojibu bila kusita ipewe kazi hiyo hata ikiwa ghali kidogo, kwa sababu tofauti ya bei ndiyo gharama ya chokaa.