MASHINE YA MSHIPI KWA MAJI YA MKONDO: TUNUNUE IPI?



Maneno haya tuliyasema kwenye mkutano wa wavuvi. Kwa kuwa wengi walikuwa baharini siku ile, tumeyaandika hapa ukutani ili kila mmoja ayasome kabla ya kura ya kununua mashine nyingine. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.

Kwanza tukiri kosa. Mashine ile ya kwanza tuliinunua sisi viongozi. Tuliingia dukani, tukaona kitu kinang'aa, mkono wake unazunguka laini kama cherehani mpya, tukalipa. Hatukusoma hata mstari mmoja wa maandishi ya kwenye boksi. Bamvua la kwanza tu, hapa mlangoni mwa Mto Pangani, kijana wetu akanasa kolekole. Samaki akageuka akafuata maji yanayotoka, breki ikashika ghafla, mshipi ukakatika. Bamvua la pili mkono haukuzunguka tena, chumvi imekwisha kula ndani. Fedha ya ushirika, yaani jasho la kila mmoja wetu, imelala stoo. Kijana amerudia mshipi wa mkono, na vidole vyake mmeviona.

Sisi tuliosoma ukubwani, kwenye darasa la jioni, ndio tulikuwa wa kulaumiwa zaidi. Tulijifunza kusoma kwa ajili gani, kama siyo kwa siku kama ile?

Sasa tufahamu tunapambana na nini. Maji yakianza kupwa, ya bahari na ya mto yanatoka pamoja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Na mkondo ukiongeza kasi mara 2, nguvu yake ya kusukuma mshipi huwa kama mara 4. Hivyo mashine inayotosha kwa perege wa bwawani haiwezi kutosha hapa. Tukienda dukani tuulize mambo haya matano.

Moja, BREKI. Hii ndiyo roho ya mashine. Breki nzuri huachia mshipi polepole bila kushtuka samaki anapovuta. Kanuni ni kuifunga kwa robo ya nguvu ya mshipi. Mshipi ukiwa wa kilo 20, breki iachie kwenye kilo 5. Tupime kwa mizani ya kuning'iniza, tusikisie kwa mkono. Kwenye boksi tutafute breki ya kilo 10 au zaidi, ili hizo kilo 5 ziwe kwake kazi nyepesi.

Mbili, MENO YA NDANI. Boksi huonyesha mkono ukizungushwa mara 1, mshipi unazungushwa mara ngapi kwenye bobini. Vijana wanapenda 6 na zaidi, eti ina mbio. Lakini mkondoni tunavuta chubwi zito na samaki mkubwa dhidi ya maji. Tuchukue ile ya 5 hivi. Ni kama baiskeli ya giya: mlimani hupandi kwa giya ya mbio.

Tatu, BOBINI NA MSHIPI. Bobini ibebe mita 250 hadi 300, kwa sababu samaki akisaidiwa na mkondo huenda mbali. Mshipi uwe wa kusuka, kwani kwa nguvu ileile ni mwembamba kuliko nailoni, na maji hayapati pa kuushika sana. Ila una hila zake. Huteleza kwenye bobini, kwa hiyo tuanze na nailoni kidogo chini yake. Tena ukisugua mwamba hukatika upesi, kwa hiyo mbele tufunge kipande cha nailoni nene.

Nne, MWILI. Uwe wa chuma kisichopata kutu au aluminiamu, siyo plastiki tupu. Mwili wa plastiki ukizidiwa hupinda, meno yakaacha kukutana vizuri. Tusidanganyike na idadi ya beringi. Beringi 4 zilizozibwa vizuri zisiingie maji ya chumvi zinashinda 10 zilizo wazi. Na namba kama 5000 au 8000 inaonyesha ukubwa tu, wala viwanda havipimi sawasawa.

Tano, VIPURI. Tumuulize mwenye duka: waya wa kufungia mshipi ukivunjika, tunapata wapi mwingine? Akibabaika, tushukuru tuondoke.

Ndugu zangu, kuna wanaosema tununue tatu za bei rahisi, kila kundi lipate yake. Tunawaelewa, maana kila mtu anataka kuvua. Lakini tatu zikifa kwa mwezi mmoja, tumegawana nini? Sisi tunapendekeza moja iliyo imara, itumike kwa zamu, na daftari likae stoo. Anayeichukua aandike jina na siku. Anayeirudisha aandike kwamba ameiosha.

Kuosha ni hivi: kaza breki, mwagia maji baridi ya kisima taratibu, usiitumbukize ndoo. Futa, anika kivulini, kisha legeza breki isilale imebanwa. Tia tone la mafuta kwenye mkono na kwenye waya. Usiilaze mchangani hata kidogo. Atakayeirudisha na chumvi ataiosha mbele ya wenzake, awe kijana au awe Katibu.

La mwisho ni usalama. Hakuna mashine inayoshinda bamvua. Maji yakikimbia sana, kaeni juu, msubiri yanaposimama kabla ya kugeuka. Wazee wetu walivua hivyo kwa mshipi wa mkono na walirudi nyumbani. Mashine tunaweza kununua nyingine, mtoto wa mtu hatuwezi.

Kura ni siku ya mkutano ujao, baada ya alasiri. Safari hii atakayekwenda dukani aende na karatasi hii mfukoni, na boksi lisomwe kwa sauti kabla fedha haijatoka.



Katibu