Mtafiti wa Simu ya Upepo Aliyeieleza Sayansi kwa Lugha ya Kwao

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa serikali, Vwawa)



Si mbali na hapa Vwawa, huko Ndolezi, kimelala kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Vitabu vya kigeni vimeandika kwa miaka mingi kwamba kimondo hicho kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wakikijua na kukipa jina kabla mpima huyo hajakanyaga Mbozi. Lakini wenyeji hawakuwa na kalamu iliyosomwa London, na mwenye kalamu ndiye aliyeingia katika daftari.

Jambo kama hilo lilimpata mwalimu mmoja wa Bara Hindi, Jagadish Chandra Bose, ambaye maisha yake yastahili kujulikana na kila mwalimu wa nchi hii. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 katika Bengali ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, naibu hakimu. Mtu wa cheo hicho alitazamiwa kumpeleka mwanawe shule ya Kiingereza. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya ukubwa. Baba huyo akampeleka mwanawe shule iliyofundisha kwa Kibengali. Darasani mtoto aliketi kati ya mwana wa tarishi wa baba yake upande mmoja, na mwana wa mvuvi upande wa pili. Bose alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba masimulizi ya watoto wale juu ya ndege, wanyama na viumbe vya majini ndiyo yaliyomtia hamu ya kuchunguza maumbile.

Mwaka 1880 alikwenda Uingereza kusomea udaktari, homa ikamwandama, akaacha na kuhamia Cambridge kusoma sayansi. Mwaka 1885 akaajiriwa kufundisha fizikia katika Presidency College, mjini Calcutta.

Hapa watumishi wa serikali na wasikilize kwa makini. Mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu wa cheo kilekile. Bose, kwa kuwa ajira yake ilikuwa ya muda, alipewa nusu ya hizo theluthi mbili, yaani theluthi moja. Hakugoma wala hakuacha kufundisha. Aliingia darasani kila siku kwa muda wa miaka mitatu, na kila mwezi akakataa kuupokea mshahara huo, ilhali nyumbani kwao kulikuwa na madeni ya baba yake. Mwishowe wakubwa walisalimu amri, akapewa cheo cha kudumu na mshahara kamili, pamoja na malimbikizo yote tangu siku ya kwanza. Yapasa kusemwa kwamba si haki kumtaka mwalimu mwenye watoto wa kulisha afuate mfano huo. Lakini yafaa kujua kwamba upo.

Chuo hakikuwa na maabara ya maana. Bose alifanya utafiti wake katika kichumba kidogo, baada ya saa za kufundisha, akisaidiwa na fundi bati aliyemfunza yeye mwenyewe kutengeneza vyombo. Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amekwisha kuthibitisha, mnamo miaka ya 1887 na 1888, kwamba mawimbi ya umeme husafiri hewani pasipo waya. Lakini mawimbi ya Hertz yalikuwa marefu mno kupimika vyema juu ya meza. Bose akatafuta njia ya kuyafupisha, hata akapata mawimbi ya urefu wa milimita 5 tu. Mawimbi mafupi hivyo huweza kuelekezwa, kupindwa na kuchujwa mithili ya nuru, na mtafiti akayachunguza tabia zake zote ndani ya chumba kimoja.

Vifaa vyake vyawapa moyo walimu wa shule zisizo na vifaa. Ili kuyachuja mawimbi yapite yale yanayotikisika upande mmoja tu, alichukua kitabu cha ratiba ya treni akapachika karatasi nyembamba za bati kati ya kurasa zake. Alitumia pia nyuzi za juti zilizosokotwa, zao la Bengali linaloshonewa magunia kama mkonge unavyotumika huku kwetu. Ratiba ya treni na kamba ya gunia: kwa vitu hivyo fizikia ya ulimwengu ilisogezwa mbele.

Katikati ya miaka ya 1890 alifanya onyesho mbele ya watu katika ukumbi wa mji wa Calcutta. Mawimbi yasiyoonekana yalipenya ukuta, yakagonga kengele na kulipua baruti katika chumba kingine. Mwaka 1895 akaandika makala kwa Kibengali, akiyaita mawimbi hayo nuru isiyoonekana. Mwaka 1897 akahutubia Royal Institution mjini London. Mwaka 1899 akatangaza kinasa mawimbi cha chuma na zebaki. Guglielmo Marconi alitangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901 alipokea ishara ya simu ya upepo kutoka ng'ambo ya Atlantiki, na mwaka 1909 akashiriki Tuzo ya Nobel. Mwaka 1998 mhandisi mmoja alichapisha uchunguzi wa kina akionyesha kwamba kinasa alichotumia Marconi siku ile kilitokana na kile cha Bose. Mwaka 2012 chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme kiliziweka kazi za Bose za 1894 hadi 1896 katika kumbukumbu zake rasmi. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 100.

Bose mwenyewe alichangia kusahauliwa huko. Hakupenda hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi. Rafiki zake walimshurutisha, akapata moja Marekani mwaka 1904, ya kinasa cha madini ya galena, asiitumie kujipatia fedha. Alipofungua taasisi yake ya utafiti mjini Calcutta, tarehe 30 Novemba 1917, alitangaza kwamba uvumbuzi wake wote utakuwa mali ya watu wote. Ni msimamo wa heshima, ingawa nchi maskini inayotoa bure iliyonayo hujikuta baadaye ikiinunua kwa bei ya mwingine.

Aidha, hakuwa malaika wa sayansi. Tangu mwanzo wa karne ya 20 aliacha mawimbi akageukia mimea, akibuni vyombo vya kupimia ukuaji wake, na baadhi ya madai yake juu ya hisia za mimea na metali yalipita mipaka ya ushahidi. Wanasayansi wenzake walimpinga, na mara nyingine walikuwa na haki.

Lakini jambo linalowahusu zaidi wasikilizaji wa leo ni lugha. Mtu huyu aliyesikilizwa London hakuona haya kuwaandikia watu wa kwao kwa Kibengali. Makala zake zilikusanywa katika kitabu mwaka 1921. Nchini Tanzania nako simu ya upepo imewahi kubeba sayansi kwa lugha ya wananchi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kwa Kiswahili habari za malaria, maji safi na vyoo, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Hakuna aliyesema kwamba mbu haelezeki kwa Kiswahili. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Hata hivyo, fizikia ya sekondari ingali ikifundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi hukariri maneno wasiyoyaelewa. Kungoja sera ibadilike si udhuru: mwalimu hakatazwi kumweleza mzazi, au kikundi cha wakulima wa kahawa, jinsi mnara wa simu ulio juu ya kilima unavyofanya kazi.

Aanze na redio ndogo ya betri na debe la bati lenye mfuniko. Redio iwashwe, iwekwe ndani ya debe, kisha debe lifunikwe barabara. Sauti itafifia, na huenda ikanyamaza kabisa, likifunuliwa, itarudi. Kisha redio hiyohiyo iwekwe ndani ya sanduku la mbao, nalo lifunikwe. Mtoto wa kwanza atakayeuliza kwa nini mbao zimeruhusu na bati limekataa, aulizwe naye anadhani ni kwa nini, kwa lugha aliyoulizia.